Prospect of Whitby: Nyumba ya Pombe Iliyogawa Kazi

(Maneno niliyowaambia wenzangu wa jumuiya yetu ya Waswahili wa London tulipotembelea Wapping, ukingoni mwa Mto Thames. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Assalaam alaykum, na habari za mchana nyote. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliokuja na watoto kutoka East Ham na Barking, ahsanteni sana. Najua treni za Jumamosi zilivyo.

Nimewaomba tushuke ngazi hizi, ziitwazo Pelican Stairs, tusimame huku chini kwenye changarawe kwa sababu mbili. Ya kwanza mnaijua. Wengi wetu hatuingii kwenye nyumba ya pombe, na sikutaka mtu abaki barabarani kama mgeni asiyekaribishwa huku wenziwe wako ndani. Ya pili ni kwamba nyumba hii ilijengwa ikiutazama mto. Ukiingilia barabarani, kwenye mtaa wa Wapping Wall, umeingilia mgongoni. Uso wake ni huu mnaouona sasa: roshani zake, madirisha yake, na ukuta wake uliolowa mpaka pale maji yalipofika asubuhi.

Tafadhali msiokote kitu. Sheria ya mamlaka ya bandari inataka kibali hata kwa kufukua kijiwe. Tazameni tu. Mnaona vipande vya kiko cha udongo, mifupa ya ng'ombe, misumari ya mbao za meli. Na mnaona haya mawe meusi yanayong'aa, yametapakaa kila mahali. Hayo ni makaa ya mawe. Yalianguka majini wakati watu wakiyabeba, na ndiyo yaliyonifanya niwalete hapa.

Lugha yetu inalo neno la mahali hapa tuliposimama. Sisi tukisema pwani, asili yake ni pale panapopwa, pale maji yanapoondoka na kurudi. Leo tunalitumia kwa Lamu yote, Tanga yote, Mombasa yote, lakini mzizi wake ni huu: ardhi ambayo nusu ya siku ni ya bahari na nusu ya siku ni ya watu. London iko mbali na bahari, lakini mto wake hujaa na kupwa kama Kilindini. Wakati wa bamvua maji hapa hupanda na kushuka kiasi cha mita 7. Saa hizi yamekupwa. Nina muda wa kutosha kusema nililokuja kusema, ila si zaidi ya hapo.

Nyumba hii ni baa, na huhesabiwa kuanzia mwaka 1520 hivi, enzi ya Mfalme Henry wa Nane. Ndiyo sababu hujitangaza kuwa baa ya zamani kuliko zote zilizo ukingoni mwa mto huu. Jina lake la kwanza tunalolijua ni Pelican, yaani mwari, yule ndege wa maji mwenye mfuko chini ya mdomo. Ngazi hizi bado zina jina hilo. Watu wa mjini waliibandika jina jingine, Baa ya Ibilisi, kwa ajili ya magendo na watu waliokuwa wakikutana humo. Baadaye iliungua moto ikajengwa upya, na sehemu kubwa ya kuta hizi mnazoziona ni za karne ya 19. Kinachotajwa kuwa kimebaki kutoka zamani ni sakafu ya ghorofa ya chini, mabamba ya mawe makubwa yaliyolika katikati kwa miguu ya watu. Kaunta yake imefunikwa bamba la madini ya kijivu ya jamii ya bati, nayo imekalia mapipa. Tangu 1950 nyumba inalindwa na sheria ya majengo ya kale, kwa hiyo hakuna tajiri awezaye kuja kuibomoa ajenge ghorofa za vioo.

Waingereza huziita nyumba hizi kwa jina ambalo ukilitoa ganda lake lote maana yake ni nyumba ya umma. Nimelifikiria sana jina hilo. Umma gani?

Hebu mtazame pale juu. Mnaona mti uliosimikwa na kitanzi cha kamba kinachoning'inia juu ya changarawe. Watalii hupenda kukipiga picha. Kimewekwa kukumbusha watu walionyongwa katika ukingo huu, mahali palipoitwa Execution Dock. Mahali penyewe palikuwa juu kidogo ya mto kutoka hapa, nako kuna baa mbili tatu zinazogombea heshima hiyo. Kwa zaidi ya miaka 400 Uingereza iliwanyonga hapo maharamia na mabaharia walioasi, mpaka mwaka 1830. Waliwanyonga pwani kwa makusudi. Mahakama ya bahari ilikuwa na mamlaka yake majini, mahakama za nchi kavu zina zao, na mpaka ulikuwa mstari wa maji yaliyokupwa. Mtu alitolewa gerezani kusini ya mto, akapitishwa barabarani nyuma ya afisa aliyebeba kasia la fedha, akanyongwa chini ya mstari wa maji. Mwili ukaachwa hapo mpaka maji yajae juu yake mara tatu.

Mmoja wao anatuhusu, na mwalimu wetu wa Kingazija aliyesimama pale atanisaidia nikikosea. William Kidd, Mskoti. Mwaka 1696 aliondoka Deptford, ng'ambo ile ya mto, kwa chombo kiitwacho Adventure Galley, akiwa na karatasi ya mfalme ya kuwasaka maharamia. Mabwana wakubwa wa serikali walikuwa wametia fedha zao katika safari hiyo. Akazunguka Afrika, akafika Madagaska, na mwaka 1697 akawa Komoro, Nzwani na kisha Mwali. Huko Mwali alikilaza chombo ubavu kikwanguliwe chini, na makumi ya mabaharia wake wakafa kwa maradhi. Aliyetumwa kuwasaka maharamia akageuka mwenyewe. Januari 1698 aliiteka meli Quedagh Merchant katika Bahari ya Hindi, imejaa hariri na vitambaa vyembamba vya pamba. Bahari ile ile ya jahazi za babu zetu. Mei 23, 1701 walimnyonga hapa Wapping. Kamba ya kwanza ikakatika, wakampandisha tena. Kisha mwili wake wakautundika ndani ya vyuma huko Tilbury, karibu na mlango wa mto, kila baharia aingiaye London auone. Wale mabwana waliomtuma hawakuguswa. Leo ipo baa hapa Wapping iliyopewa jina lake.

Watu wa hapa watawaambia pia habari za Jaji Jeffreys, yule aliyewahukumu kifo watu wengi mno mwaka 1685 baada ya uasi wa magharibi. Mfalme wake alipokimbia mwaka 1688, jaji naye alijificha Wapping amevaa nguo za baharia, akakamatwa, akafia gerezani mwaka uliofuata. Ni kisa kizuri kukisimulia kwenye baa, ndiyo maana baa kadhaa za hapa hukisimulia. Sina zaidi juu yake.

Kinachonisumbua ni hiki. Ukizunguka Wapping kusoma vibao, utasoma maharamia, majaji, wafalme na wachoraji. Humwoni mtu aliyebeba mzigo. Na nyumba hii ilijengwa kwa fedha yake.

Limebeba ushahidi jina lenyewe la baa. Whitby ni mji wa bandari kaskazini mwa Uingereza, katika jimbo la Yorkshire. Prospect ilikuwa meli ya makaa iliyoandikishwa huko, ikawa inafunga hapa mbele ya nyumba. Watu wakielekezana walikuwa wanasema twende pale ilipo Prospect ya Whitby. Nyumba ilipojengwa upya ikalichukua jina la meli. Yaani baa imeitwa kwa jina la chombo cha makaa, kama vile nyumba moja ya kahawa kule Forodhani ingepewa jina la jahazi la boriti.

Meli za Whitby zilijulikana kwa umbo lake. Zilikuwa na tumbo pana na chini bapa, kwa hiyo maji yakipwa zinakaa juu ya tope zimesimama, hazilali upande. Wale wenzangu wa Lamu mnaelewa ninachosema, mmeyaona madau yakikaa hivyo. Nahodha James Cook alijifunza ubaharia katika meli za makaa za Whitby, na chombo chake mashuhuri, Endeavour, kilikuwa meli ya makaa iliyojengwa huko mwaka 1764 kabla ya kubadilishwa jina na kazi. Mkewe Elizabeth alikuwa binti wa mwenye baa hapa Wapping. Mnaona jinsi mambo yote ya mtaa huu yanavyopita mlango wa baa.

London ilikuwa inakula makaa. Yalitoka Newcastle kwa bahari, mpaka Waingereza wenyewe wakawa wanayaita makaa ya bahari. Moto mkubwa wa 1666 ulipouteketeza mji, ushuru wa makaa hayo ndio uliotoa fedha za kujenga upya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Lile kuba tuliloliona tukiwa kwenye basi limesimama juu ya makaa. Na kila pishi ya makaa ilibidi itolewe tumboni mwa meli kwa mikono.

Mkono wa nani? Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mbeba makaa wa karne ya 18 hakuajiriwa na mwenye meli. Aliajiriwa na mtu wa katikati, tumwite mnyapara, au kwa lugha ya makuli wetu wa Kilindini, serehangi. Na katika ukingo huu serehangi huyo mara nyingi alikuwa ndiye mwenye baa. Nahodha wa meli akifika na shehena, anamwendea mwenye baa, naye anachagua watu. Anawachagua kutoka wapi? Kutoka viti vyake mwenyewe. Ukitaka jina lako litajwe asubuhi, sharti jana usiku ulikuwa umekaa hapa unakunywa, tena kwa mkopo. Jioni mshahara unalipwa hapo hapo, juu ya kaunta, baada ya kukatwa deni la pombe, na koleo ulilokodishwa, na haki ya mnyapara. Mtu asiyekunywa hana kazi. Mtu mwenye watoto anayetaka kwenda nyumbani mapema hana kazi. Sehemu kubwa ya ujira wa siku ilibaki kwenye droo ya baa hata kabla mtu hajapangusa vumbi la makaa usoni.

Basi sisi tusiokunywa tusifikiri kwamba historia hii ni ya walevi. Wengi wa watu wale walinyweshwa. Pombe ilikuwa lango la kazi, na lango lilikuwa na bawabu.

Wengi wao walikuwa Waairishi, Wakatoliki katika mji wa Waprotestanti, wageni wenye lafudhi ya kuchekwa. Mwaka 1768 mkate ulikuwa ghali, na wabeba makaa wa Wapping na Shadwell wakagoma. Kulikuwa na mwenye baa mmoja hapo Shadwell, nyuma ya hizi nyumba, aitwaye John Green. Baa yake iliitwa Round About, na alikuwa wakala wa kuandikisha wabeba makaa chini ya mpango mwingine ambao hawakuuamini. Walihofu unakuja kuwapokonya kazi uwape wengine. Usiku wa Aprili 20 walimzingira. Green akawapiga risasi kutoka madirishani, baadhi ya waliokuwa nje wakafa, na milio haikukoma mpaka alfajiri. Green alishitakiwa kwa mauaji akaachiwa. Wabeba makaa saba walishitakiwa kwa kumpiga risasi Green, wakahukumiwa kifo. Walinyongwa Julai 26, 1768, chini ya ulinzi wa askari, katika uwanja wa Sun Tavern Fields hapo Shadwell. Uwanja wenyewe ulikuwa umeitwa kwa jina la baa.

Wale hawakuuawa pwani kama maharamia. Waliuawa mtaani kwao, wake zao waone.

Mwaka huo huo mabaharia wa mto huu nao waliidai haki yao. Walipanda meli moja baada ya nyingine wakatua matanga yake ya juu ili isiwepo ya kuondoka. Neno la Kiingereza la mgomo, strike, latokana na kitendo hicho, kutua tanga. Mimi nimefanya kazi na Waingereza miaka mingi, wanalitamka neno hilo kila siku, na sijapata hata mmoja aliyejua kwamba lilizaliwa kwenye mto huu.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 1798, polisi wa mto walianzishwa hapa Wapping, na bado wana kituo chao, ile gati mliyoipita. Kabla yao mbeba makaa alikuwa anarudi nyumbani na makaa kidogo mfukoni, ni desturi, kama mvuvi anavyopata kitoweo. Polisi wakaiita desturi hiyo wizi. Oktoba ya mwaka huo umati ulikishambulia kituo, na mtu mmoja wa kikosi hicho, Gabriel Franks, akauawa. Simsifu aliyemwua. Ila makaa yale mnayoyakanyaga ndiyo yaliyokuwa yanagombewa.

Karne ya 19 ilipoingia kazi ilibadilika namna lakini mlango ukabaki ule ule. Sasa kundi lilikuwa la watu tisa. Wanne ndani ya tumbo la meli wanajaza kapu, mmoja wa kulipokea na kulimwaga, na wanne juu ya sitaha wameshika kamba. Hawa wanne walipanda ngazi fupi kwa pamoja, kisha wakaruka chini kwa pamoja, na uzito wa miili yao ndio uliolipandisha kapu kwa kishindo. Kutwa nzima, panda ruka, panda ruka. Fikirieni magoti. Fikirieni kifua kinachovuta vumbi lile. Na jioni, baa. Ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 1843 kuweka ofisi ya kuwaandikisha watu hawa nje ya mikono ya wenye baa, na sheria nyingine mwaka 1883 iliyopiga marufuku kabisa kulipa mishahara ndani ya nyumba za pombe. Yaani kutoka ule uwanja wa Shadwell mpaka sheria hiyo ilipita miaka 115.

Baba yangu mkubwa, mnamfahamu baadhi yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mtoto wa kuli wa Kilindini. Babu alikuwa anaamka kabla ya adhana kwenda kusimama langoni asubiri serehangi amnyooshee kidole. Alisimulia kwamba wako waliokuwa wanaitwa kila siku, na wako waliojua la kufanya ili waitwe. Yeye alikuwa katika mgomo wa Mombasa wa Januari 1947. Mwaka huo huo Dar es Salaam nao wakagoma, na Unguja mwaka 1948. Nilipokuja kusoma habari za wabeba makaa wa Wapping, nilikuwa nasoma habari za babu. Hata msamiati ni mmoja. Makuli, wachukuzi, mahamali, vibarua: lugha yetu ina majina mengi ya mtu anayebeba mzigo wa mwingine, nayo kila moja lina jasho lake.

Na mzigo wa kwetu ulifika hapa hapa. Nyuma ya nyumba hizi walichimba magati ya London Docks, yakafunguliwa mwaka 1805, yamezungushiwa ukuta mrefu kama wa gereza. Mwaka 1828 wakafungua St Katharine Docks, dakika ishirini na kitu kwa miguu kutoka hapa, na katikati yake limesimama mpaka leo jengo liitwalo Ivory House, Nyumba ya Pembe, la miaka ya 1850. Jengo zima kwa ajili ya meno ya ndovu. Tukimaliza tutakwenda kuliona. Pembe zile nyingine zilitoka Tabora na Ujiji, mabegani mwa Wanyamwezi na wenzao, miezi kwa miezi mpaka Bagamoyo, kisha Unguja, kisha kwenye meli. Hapa zikapandishwa na kuli mwingine, zikapimwa, zikageuzwa vibonyezo vya piano, vichanuo, na mipini ya visu. Mpagazi wa Bagamoyo na mchukuzi wa Wapping walibeba jino moja. Hawakuonana kamwe. Mmoja huenda alilibeba huku amefungwa, mwingine kwa deni la pombe.

Na mabaharia wetu nao walifika. Mwaka 1857 lilifunguliwa Limehouse, mbele kidogo ya mto, nyumba ya kuwapokea mabaharia kutoka Asia, Afrika na visiwa vya bahari ya kusini, waliokuwa wanaachwa na meli bila nauli ya kurudi. Afrika imetajwa kwenye jina lenyewe la nyumba hiyo, kwa hiyo tusiruhusu mtu atuambie kwamba sisi tulianza kuja London juzi kwa ndege.

Kuhusu mwaka 1889 nitasema kwa ufupi kwa sababu huo unajulikana. Makuli wa magati yote ya London waligoma kwa mwezi mmoja, kuanzia Agosti 14 hadi katikati ya Septemba, wakidai senti sita za Kiingereza kwa saa, na wakazipata. Walipita mitaani kwa maandamano ya makumi ya maelfu.

Kisha makontena yakaja, meli zikawa kubwa mno kwa mto huu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 magati ya hapa yalifungwa. Maghala yale ya matofali mnayoyaona sasa ni makazi. Ghala lililokuwa linanuka mdalasini na karafuu leo chumba chake kimoja hatuwezi kukinunua hata tukichanga sote tuliosimama hapa. Ng'ambo ya barabara kutoka baa hii kuna kituo cha zamani cha nguvu za maji, cha mwaka 1890, kilichokuwa kikisukuma maji kwa shinikizo kuendesha winchi na lifti za mji mpaka kilipozimwa mwaka 1977. Mwaka 1986 mtaa huu ukawa na mgomo mwingine mkubwa, wa wapigachapa wa magazeti, maelfu wakapoteza kazi. Ukiniuliza, hakuna eneo la London ambalo ardhi yake imesikia vishindo vya miguu ya wagomaji kama hili.

Baa ikabaki. Meli iliyoipa jina haipo, magati hayapo, wachukuzi hawapo, baa ipo, na imekuwa mahali pa chakula cha Jumapili na picha za machweo. Sina ugomvi na wanaofanya kazi humo leo. Nilipokwenda wiki iliyopita kuwaambia kwamba kundi letu litasimama huku chini, binti aliyekuwa kaunta alinielekeza saa za maji kupwa, akatoka nje mwenyewe kunionyesha ngazi zipi zina utelezi. Nawashukuru.

Lakini nitawaambia kwa nini jambo hili nimelibeba moyoni. Nilipofika mji huu kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia maofisi usiku, sio mbali na hapa. Sikuajiriwa na wenye maofisi. Niliajiriwa na wakala. Wakala alinikata fedha ya sare, akanikata fedha ya mafunzo ya saa mbili, akanikata kitu alichokiita gharama za malipo, yaani nilimlipa ili anilipe. Na kulikuwa na simu ya saa kumi jioni: ukiikosa, usiku huo huna zamu, na wiki inayofuata pia huenda huna. Nilidhani ni mambo mapya ya dunia ya leo. Usiku mmoja, mapumziko, nilikuwa nimekaa juu ya ngazi hizi hizi nakula ndizi, nikasoma kibao cha Prospect of Whitby nikajiuliza Whitby ni nini. Kutoka swali hilo nilianza kusoma, na niliposoma habari za mwenye baa aliyekata fedha za koleo, niliweka kitabu chini. Nilimjua mtu yule. Nilikuwa nimeongea naye kwa simu jioni ile.

Wapo hapa vijana wanaosubiri ujumbe wa zamu kwenye simu zao sasa hivi tunapozungumza. Nawaona mkichungulia. Tazameni tu, sikasiriki.

Ombi langu ni dogo. Nataka kwenye ukingo huu, kati ya vibao vyote hivi vya majaji na maharamia, kiwepo kimoja cha wabeba makaa. Nimeandika barua ya kuiomba halmashauri, iko hapa kwenye bahasha, na nimeacha nafasi ya sahihi. Shangazi amekuja na kalamu. Anayetaka kutia jina lake, atie. Anayetaka kuisoma kwanza, aisome; imeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Naona maji yameshageuka. Lile jiwe jeusi pale lilikuwa kavu nilipoanza kusema, sasa limezungukwa. Kwa hiyo wazee watangulie kupanda, taratibu, mshike ukuta wa kushoto, na vijana wawili wakae nyuma ya Bibi. Kabla hatujaondoka nitawasomea majina ya wale saba wa Julai 1768, kama yalivyoandikwa na mahakama iliyowahukumu. Sijawahi kuyasikia yakisomwa kwa sauti mahali hapa.

John Grainger. Daniel Clark. Richard Cornwall. Patrick Lynch. Thomas Murray. Peter Flaharty. Nicholas McCabe.